Uwanja wa ndege ukiachwa na wanajeshi, unakuwa wa nani?

Ndugu na dada wa lisansi, na nyinyi wanafunzi mnaotusoma usiku wakati umeme umerudi, leo naomba tuongee juu ya viwanja vya ndege vya kijeshi. Najua kuna atakayeuliza: mtu wa agronomia anatafuta nini kwenye uwanja wa ndege? Anatafuta ardhi. Uwanja wa ndege ni ardhi ndefu, tambarare, isiyotuama maji, isiyo na miti wala majabali. Mkinipa kalamu niandike sifa za shamba zuri la mahindi au la miwa katika bonde la Ruzizi, nusu ya sifa nitakazoandika zitakuwa hizo hizo.

Na kwetu tambarare ni mali adimu. Anayetoka Kamanyola kuja Uvira anapita katika bonde pana, anaona mpunga na mihogo pande zote, anaweza kufikiri ardhi haiishi. Lakini akipita Kalundu na kushika njia ya Makobola na Fizi, milima inateremka mpaka kunywa maji ya ziwa. Kipande kilicho sawa kinapatikana tu pale mto unapomwaga mchanga wake, na hapo ndipo kila mtu anapataka: mwenye kujenga nyumba, mama mwenye shamba la mihogo, kanisa, shule, soko, na mwanajeshi pia. Mji wa Uvira wenyewe hauna uwanja wa ndege wenye safari za kawaida. Aliyetaka kuruka alizoea kuvuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura, au kupanda milima mpaka Kavumu, kaskazini ya Bukavu. Kwa hiyo tukisikia kwamba mahali fulani kuna "uwanja wa zamani wa wanajeshi", masikio yanasimama. Wengine wanafikiria ndege, wengine wanafikiria parsele.

Mimi neno linalonisumbua ni hilo "wa zamani". Nani aliamua kwamba ni wa zamani?

Tuanze na historia, maana ziwa letu liliona ndege za vita mapema kuliko miji mingi ya Afrika. Na uwanja wa kwanza haukuwa na udongo hata kidogo, ulikuwa maji. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa Kigoma na meli yao kubwa, Graf von Götzen. Wabelgiji walikuwa upande huu, Kalemie, mji waliouita Albertville. Waingereza wakawapa Wabelgiji ndege nne za aina ya Short, zenye maboya badala ya magurudumu. Angalieni njia zilizopita: meli mpaka Matadi, treni mpaka Kinshasa, mashua ya mvuke mpaka Kisangani, kisha treni, kisha mto, kisha treni tena, kisha mto tena mpaka Kabalo, na kutoka hapo reli iliyokuwa imefika ziwani mwaka 1915 tu. Vitabu vinataja marubani. Wapagazi na wafanyakazi waliobeba injini na mapipa ya mafuta hawatajwi majina.

Kituo kikawekwa Mtoa, kaskazini ya Kalemie. Sasa, mvuvi yeyote wa ndagala angewaambia kwamba Tanganyika si bwawa la kuogea. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unaamsha mawimbi yanayovunja mitumbwi, sembuse ndege ya mbao na kitambaa. Wakalazimika kuhamia Tungwe, kiziwa kidogo kilichojificha nyuma ya pwani, maji yake yametulia. Kutoka hapo, Juni 1916, walivuka ziwa kwa hewa na kutupa mabomu Kigoma. Mwisho wa Julai Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe kabla ya kukimbia. Iliinuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 watu wa ziwa wanaijua kwa jina la Liemba.

Vita viliposogea mbele, kituo cha Tungwe hakikuacha kitu cha kugombania. Maji hayana kadastre. Ndege zikaondoka, kiziwa kikabaki kiziwa.

Uwanja wa nchi kavu ni jambo lingine kabisa. Ukishashindilia udongo na kumwaga laterite au lami juu yake, umeacha alama ambayo wajukuu wako wataikuta. Tena umeacha mwaliko: yeyote mwenye ndege anaweza kurudi. Uwanja wa Kalemie ni mfano. Mwaka 1965, wakati wa maasi ya Fizi na Baraka, serikali iliweka pale ndege za T-28 na B-26, na marubani walikuwa Wakuba waliokimbia nchi yao, wakilipwa na Wamarekani. Na ng'ambo ya milima, upande wa Kibamba, alikuwa Che Guevara na Wakuba wake, waliovuka kutoka Kigoma mwezi wa Aprili mwaka huo. Yaani Wakuba juu, Wakuba chini, na katikati yao wakulima wa Fizi ambao hawakualika hata mmoja. Novemba Che akavuka ziwa kurudi. Uwanja ukabaki. Leo Kalemie ni mji mkuu wa mkoa wa Tanganyika, na uwanja ule ule unapokea abiria na misaada. Walinda amani wa MONUSCO nao waliutumia kwa miaka mingi kabla ya kufunga ofisi zao za mkoa huo mwaka 2022.

Vituo vikubwa zaidi Wabelgiji walivijenga mbali na sisi: Kamina katika Katanga, na Kitona karibu na bahari ya Atlantiki. Kamina ilikuwa na shule ya marubani tangu 1953 mpaka uhuru. Mwaka 1964, kabla ya makomando wa Ubelgiji kurushwa Kisangani tarehe 24 Novemba, Kamina ndipo waliposubiri. Pale Kisangani waasi walikuwa wamejaza mapipa na magari juu ya njia ya kurukia, na makomando walioshuka kwa miavuli walianza kwanza kwa kuyaondoa ili ndege ziweze kutua. Pipa tupu la mafuta linatosha kufunga uwanja wa ndege. Mikono ya watu wachache inatosha kuufungua.

Kitona inafundisha zaidi. Miaka mingi baada ya Wabelgiji kuondoka, mtu angeweza kuiita kambi iliyochoka. Agosti 1998, vita vya pili vilipoanza, ndege zilizotekwa nyara Goma zilijaa wanajeshi, zikavuka nchi nzima toka mashariki mpaka magharibi, zikatua Kitona. Kwa siku chache vita vilikuwa vinagonga mlango wa Kinshasa. Na Februari 2025, siku ya tarehe 14, M23 walichukua uwanja wa Kavumu kabla hata ya kuingia katikati ya Bukavu. Sisemi hayo kwa kutafuta siasa kwenye ukurasa wetu. Nasema kwa sababu kila mwenye silaha anayeingia Kivu anaangalia ramani, na kwenye ramani anatafuta kwanza ule mstari ulionyooka.

Sasa linganisheni na Uingereza. Katika Vita vya Pili vya Dunia nchi ile ilijaa viwanja vya ndege. Jimbo moja tu la Lincolnshire, nchi ya kilimo kama bonde letu, lilikuwa na karibu 50. Kiwanja cha kawaida cha ndege za mabomu kilikuwa na njia tatu za zege zinazokatana, ndefu kuliko zote ikifika karibu mita 1.800. Mashamba yalichukuliwa na serikali kwa amri ya vita, ngano ikang'olewa, zege ikamwagwa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, ndege hazikurudi, na ardhi ikaanza kutafuta kazi nyingine. Huko Norfolk kampuni ya Bernard Matthews ilijenga mabanda ya batamzinga juu ya njia za ndege: sakafu ilikuwa tayari, barabara ya lori ilikuwa tayari, jirani wa kulalamikia harufu yuko mbali. Silverstone, iliyofunguliwa 1943 kwa ajili ya mafunzo ya marubani, imekuwa uwanja wa mbio za magari tangu 1948. Wymeswold, jimbo la Leicestershire, iliwekwa paneli za jua mwaka 2013. (Hapo mtu wa Uvira anayesubiri umeme wa Ruzizi anaruhusiwa kuwa na wivu kidogo.) Viwanja vingine vimerudi kuwa ngano. Zege imevunjwa ikapelekwa kujengea barabara, na mkulima anapitisha trekta mahali mabomu yalipokuwa yanapakiwa.

Kwa nini kule batamzinga, na kwetu wanajeshi wanarudi? Mtu wa haraka atajibu: pesa. Mimi naona mambo mawili mengine kabla ya pesa. La kwanza, vita viliisha kweli, na hakuna aliyebaki anahitaji ule mstari. La pili, kulikuwa na karatasi. Serikali iliyochukua shamba iliandika kwamba sasa imeliachilia, ikaliuza au ikalirudisha, na mnunuzi alijua ananunua kwa nani.

Afrika Mashariki iko katikati ya hali hizo mbili. Uwanja wa Port Reitz pale Mombasa ulijengwa na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na leo ndio Moi International inayoleta watalii. Eastleigh ya Nairobi ilikuwa ya jeshi la anga la Uingereza, Kenya ikairithi, na mpaka sasa bado ni ya jeshi, mji umeizunguka pande zote. Entebbe, upande wa uwanja wa zamani ambako makomando wa Israeli waliingia usiku wa Julai 1976, baadaye ikawa kituo kikubwa cha Umoja wa Mataifa. Mwaka 2003, jeshi la Ulaya lililokuja kutuliza Bunia lilipitia huko huko Entebbe. Unga na dawa nyingi zilizofika Kongo mashariki zimewahi kugusa lami ile.

Turudi nyumbani, na hapa nataka vijana wanaotafuta ardhi wasome polepole.

MONUSCO ilipoanza kuondoka Kivu ya Kusini, kambi ya kwanza kukabidhiwa ilikuwa ya Kamanyola, tarehe 28 Februari 2024, ikapewa polisi ya taifa. Mwisho wa Juni mwaka huo kazi yao katika mkoa wetu ilikuwa imefungwa. Kambi za namna hiyo huacha changarawe iliyoshindiliwa, mitaro, na mahali helikopta zilipotua. Kuna za zamani zaidi pia, za enzi za Zaire, ambazo majani yameota na watu wamesahau. Na kila mahali penye majani marefu atapatikana mtu wa kukuuzia.

Mwenzangu wa promosyo moja alifikiwa hivyo. Akaonyeshwa parsele kwenye ardhi iliyowahi kuwa ya wanajeshi, bei rahisi, karatasi yenye muhuri, na maneno tunayoyajua sote: "hapa hakuna mwenyewe". Akaniita nije kupima udongo. Nilikwenda, lakini kabla ya jembe nilimwomba tufungue sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ile ambayo wenzetu wa droit wanaijua kwa moyo.

Sheria hiyo inasema ardhi yote ya Kongo ni mali ya Dola. Halafu inaigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ardhi ya Dola ya matumizi ya umma: ile iliyowekwa kwa kazi au huduma ya umma, kama barabara, kambi ya jeshi, uwanja wa ndege. Fungu la pili ni ardhi ya Dola ya kawaida, ambayo raia anaweza kupewa kwa konsesyo. Kifungu cha 55 kinasema fungu la kwanza haliwezi kutolewa kwa mtu mpaka liondolewe kwanza, kwa utaratibu, katika ile kazi ya umma. Neno lenyewe la ofisini ni désaffectation. Bila karatasi hiyo, ardhi inabaki ya umma hata kama ndege ya mwisho ilitua babu yako akiwa kijana. Majani kuota si désaffectation. Wanajeshi kuhama si désaffectation. Muhuri wa sefu wa kijiji nao si désaffectation, hata ukipigwa mara tatu.

Kwa hiyo anayenunua pale hanunui parsele, ananunua ruhusa ya kukaa mpaka mwenye bunduki au mwenye faili arudi. Hapo ndipo wamama wengi wanapoteza mihogo yao: wamelima miaka kumi bila kuulizwa, siku moja tingatinga linakuja, na hakuna fidia kwa sababu hakuna aliyekuwa na haki iliyoandikwa. Maoni yangu, na mnaweza kunipinga: afadhali mkoa uandike wazi viwanja gani vinabaki kwa ndege na vipi vinaachiliwa, kuliko kuacha kila kitu katika kivuli. Uwanja unaobaki ulindwe kweli. Barabara ya Ngomo ikikatika na mto ukivunja daraja, ile njia ya kutua ndiyo dawa inapoingilia. Unaoachiliwa upimwe, na wanaoulima tayari wawe wa kwanza kupewa.

Sasa udongo, tuje kwenye kazi yangu.

Shamba zuri la bonde lina uzito wa karibu gramu 1,3 kwa sentimita moja ya ujazo. Mizizi ya mazao mengi inaanza kuteseka ukipita 1,6. Chini ya njia ya ndege iliyoshindiliwa vizuri unaweza kupita 1,8, maana ndiyo kazi aliyolipwa mhandisi: kuua nafasi zote za hewa ambazo mimi nazitaka. Pale kwa mwenzangu nilitumia fimbo ya chuma ya ujenzi. Kandoni iliingia mpaka kwenye goti. Katikati iliingia kidole kimoja ikasimama. Kipimo cha pili ni kopo la maziwa lililotobolewa pande zote mbili: lipigilie udongoni, mwaga maji, angalia saa. Kandoni maji yalikunywewa tukiwa bado tunaongea. Katikati tuliyaacha, tukaenda kula, tukayakuta.

Mihogo ukiipanda hapo itakupa majani ya sombe na mizizi iliyopinda kama vidole vya mzee. Kinachofaa ni kuanza na mimea yenye mizizi ya nguvu: mbaazi, vetiva, majani ya tembo kwa ajili ya ng'ombe. Kama kuna trekta, pasua kwa meno marefu mwezi wa nane, udongo ukiwa mkavu, ili uvunjike. Ukipasua ukiwa na maji unaukata tu kama sabuni. Kisha tupia matitonia na samadi. Usitegemee mavuno ya kweli kabla ya msimu wa tatu. Kama juu kuna lami au zege na huna namna ya kuivunja, usipigane nayo. Berlin, kwenye uwanja wa Tempelhof uliofungwa mwaka 2008, watu wanalima mboga ndani ya masanduku ya udongo yaliyowekwa juu ya ardhi.

Kuna mahali hata masanduku siyashauri, yaani pale mapipa ya mafuta yalipokuwa yanawekwa. Ndege za injini za zamani, kama hizo T-28, zilitumia petroli yenye risasi, na madini ya risasi hayaozi. Lenga-lenga inayafyonza vizuri sana na kuyaleta mezani. Na chuma chochote usichokijua usikigonge wala usikiuze kwa wanunua vyuma. Weka alama, mwite anayehusika na mabomu. Nchi ina kituo cha kazi hiyo, CCLAM.

Kwenye uwanja ambao bado unatumika, hata kama ndege inakuja mara moja kwa mwezi, pembeni pasiwe na mahindi marefu yanayoficha watu na mbuzi, wala mpunga unaoita ndege wa manyoya kuja kugongana na ndege wa chuma. Nyasi fupi, zinakatwa, zinapelekwa kwa wafugaji. Basi.

Na maji. Baada ya usiku wa mafuriko wa Aprili 2020, mtu wa Uvira hahitaji kuelezwa maji yanaweza nini. Chukua njia ya ndege ya mita 1.500 kwa 30: ni hekta nne na nusu ambazo hazinywi. Mvua moja ya milimita 50 inaangusha juu yake kyubiki 2.250. Mitaro ikiwa imeziba, yote hiyo inaingia kwa jirani wa chini, na kwetu jirani wa chini daima yupo. Lakini kwenye uwanja ulioachiliwa kweli, kwa karatasi, maji hayo hayo yanaingia katika bwawa moja la mita 30 kwa 25 lenye kina cha mita tatu. Hekta moja ya nyanya wakati wa kiangazi inahitaji karibu kyubiki 50 kwa siku. Ni siku 45 za kumwagilia, kabla ya kutoa kile kinachonyonywa na jua.